Kukandwa Nyuma ya Pazia

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekana kwamba ninaogopa buko. Nimekana nikiwa nimesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, mbele ya wanafunzi ambao wengi wao walitoka vijijini wakijua vizuri kwamba mama hapeani mkono na mume wa binti yake, hali naye sahani moja, wala hakai mahali ambapo kijana huyo anaweza kumwona mabega wazi. Hiyo ndiyo buko, heshima ya ukwe. Mimi niliwaeleza kwamba ni njia ya zamani ya kupanga familia, jambo la kusomwa, si la kuogopwa. Wao waliandika, na mimi nilijisikia msomi. Basi leo nakiri: ninaiogopa, na woga huo ulikaribia kuninyang'anya mkono.

Ninaandika haya kwa mkono huo huo, wa kulia. Bado ni mnene kuliko mwenzake, na ukurasa mmoja unanichosha kama kufua mablanketi. Lakini unaandika. Ninawaandikia wanawake waliokatwa titi, ambao mkono umeanza kuvimba, ambao wameambiwa waende kukandwa na hawajui watakutana na nini. Ugonjwa wenyewe sitaueleza. Madaktari wapo, na wanaandika vibaya vya kutosha.

Walinikata Lubumbashi mvua zilipokuwa zikiisha. Dawa za kutundikwa nilizimaliza katikati ya kiangazi, nywele zikaanguka, nikanunua wigi lililonifanya nifanane na shemeji yangu mmoja ambaye hatupendani. Nikarudi Kamina kwa treni, mto wa kulalia umefungwa kwapani kama mtoto, nikiamini kwamba nimemaliza.

Mkono ulianza kwenye shati. Mkono wa shati ulinibana, nikamfuata fundi cherehani na kumtukana kwa Kifaransa kizuri. Fundi akapima shati, akapima mkono, akanionyesha utepe. Nikahamia nguo za mikono mipana. Nilipoandika ubaoni, mistari yangu ilianza kushuka wiki baada ya wiki, kwanza usawa wa macho, kisha kidevu, kisha kifua, mpaka wanafunzi wa nyuma wakawa wanasimama ili wasome. Niliwaambia kwamba ubao wa juu una mwanga mbaya. Nyumbani nilishindwa kugeuza mwiko, bukari, ugali wetu, ikatoka na madonge, na mume wangu akaila na kuisifu. Hapo nilijua kwamba naye ameona. Baba Mado ni karani wa ofisi ya wilaya, hasifu kitu bila sababu.

Tangu operesheni tulikuwa tumejifunza kutosema. Nilivua nguo nikiwa nimempa mgongo, naye aligeukia ukuta mapema, kwa adabu, kama abiria mwenzangu katika treni.

Mvua za kwanza ziliponyesha, nilikwenda kwa mama mmoja anayekanda watu karibu na soko. Alikuwa na mafuta ya moto ya mawese na vidole vya mtu anayekamua nguo. Akaniambia mkono umejaa maji, na maji lazima yafukuzwe kwa nguvu. Nililia, naye alifurahi kwamba ninalia. Siku iliyofuata mkono ulikuwa mwekundu, unang'aa, mgumu kama muhogo mbichi, na homa ikanilaza. Wewe unayesoma, kama umepata mkono wa namna hii, usimpe mtu yeyote aukamue. Usikubali mafuta ya moto wala wembe. Nilifanya kosa hilo nikiwa na diploma mbili ukutani.

Daktari wa Lubumbashi alinipa dawa ya homa kwa simu, kisha akaniambia kwamba mkono ule unahitaji kukandwa kwa njia ya pekee, mara tatu kwa wiki, kwa miezi, na haraka, la sivyo utabaki hivyo na kuendelea kuwa mzito. Kufuata matibabu hayo Lubumbashi haikuwezekana. Treni yenyewe huondoka ikijisikia. Lakini, akasema kwa furaha, nina bahati. Yuko mtu mmoja Kamina aliyesomea kazi hiyo, na ni yeye peke yake katika upande wetu wote. Akamtaja jina.

Nikakaa chini. Kine huyo, ndivyo tunavyowaita wataalamu wa kukanda viungo, alikuwa Monga. Mwezi mmoja kabla, Monga alikuja kwetu na wajomba zake kumwomba binti yetu Mado, anayefundisha Lubumbashi. Walileta zawadi ya kwanza, kitambaa na saa ya mkononi, tukapokea na kumpelekea Mado. Mahari ilipangwa kiangazi kinachokuja. Siku hiyo mimi nilikaa nyuma ya nyumba, kama desturi inavyotaka, nikijicheka huku nikihakikisha kwamba kitenge kimenifunika shingo.

Nilingoja wiki tatu zaidi. Vidole vikaacha kukunjika. Siku niliyoshindwa kufunga kifungo cha blauzi, Baba Mado alikifunga yeye, bila kuniangalia, akavaa viatu na kusema tunaenda.

Chumba cha kungojea ni benchi mbili kwenye baraza. Utapewa kadi yenye namba, na namba haina maana yoyote. Wanaingia kwanza wenye watoto, kisha wenye sauti. Kando yangu alikaa mzee aliyepooza upande mmoja, na mke wake, wakulima waliofika kwa baiskeli ya kusukumwa. Mama huyo alinitazama kuanzia wigi mpaka viatu.

"Madame, weye uko naumwa nini? Uko naonekana muzima kabisa."

Mume wake akamwambia aniache, pengine nimesindikiza bwana tu.

"Nyamaza," mama akajibu. "Mukono yako ingekuwa na nguvu sawa na kinywa yako, tungeisha kurudia ku nyumba."

Mzee alicheka kwa nusu ya uso iliyomtii. Nikacheka nami, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi. Nikavuta kitenge, nikamwonyesha mkono. Hakushangaa. Aliugusa kwa kidole kimoja, akaacha alama ya shimo dogo, tukaitazama alama hiyo wote watatu ikijaa polepole.

Mlango ukafunguka, Monga akasoma jina langu kwenye kadi, akainua macho. Akarudi ndani kwa hatua za nyuma kama mtu aliyekanyaga bomba la moto, akafunga mlango. Tulingoja. Alipotoka, alikuwa ameshika faili mbele ya uso, na alizungumza na mume wangu tu, ingawa mimi nilikuwa pale pale.

"Papa, mumuombe Mama musamaha. Hii kazi minyi siwezi kuifanya ku mwili yake."

Hapa ndipo msomi alipaswa kusimama. Nilikuwa na hotuba nzima, nimeitoa kila mwaka. Nilikaa nikitazama viatu vyangu, na nilichosikia ndani yangu kilikuwa nafuu.

Ni Baba Mado aliyesimama. Alimuuliza Monga kama kazi yenyewe ni ya mikono au ya akili. Monga akasema ni ya vyote viwili.

"Bon," mume wangu akasema, akinyoosha mikono yake. "Weye leta akili. Mikono njo hii."

Kwa hiyo siku yangu ya kwanza ya kukandwa ilikuwa hivi. Kitanda kirefu chembamba, pazia la kijani lenye alama ya pasi, upande mmoja mimi na mume wangu, upande wa pili Monga, ameelekea ukuta, mgongo kwenye pazia. Kwenu pazia halitahitajika. Mengine yatakuwa yale yale.

Kwanza utaulizwa maswali. Lini walikata? Kuna homa? Kuna kidonda, hata cha kucha? Kama kuna homa, siku hiyo hutakandwa, rudi nyumbani. Mkono unauma? Swali hilo lilipita kwenye pazia kwenda kwa mume wangu, naye akajibu kwa uaminifu kile nilichomwambia kila siku, kwamba hauumi sana.

"Unaniuma," nikasema. "Tangu kiangazi. Usiku nauweka chini ya kitanda cha mgonjwa mwingine, katika ndoto, ili uwe wake."

Kisha Monga akasema asante, na nikasikia kalamu. Sema kweli mapema kuliko mimi.

Kisha utavua. Vaa shati la vifungo vya mbele, acha saa na bangili nyumbani, usijipake manukato, beba taulo yako. Hakuna aliyeniambia haya. Nilikuwa nimevaa gauni la kuvaliwa kichwani, na tulihangaika nalo, mimi na Baba Mado, kama watu wawili wanaotoa godoro mlangoni. Gauni lilipotoka, kovu lilikuwa wazi mbele yake kwa mara ya kwanza. Nilitazama dari. Baba Mado akainama.

"Hapa njo walikata?"

"Njo hapa."

"Walikata mbali," akasema, na akaweka kiganja chake hapo, kizima, kama unavyozuia karatasi zisipeperuke. Monga aliendelea na maagizo pale tu tulipokuwa tayari. Sijui alijuaje.

Watakupima mkono kwa utepe wa fundi, mahali patano au sita, kuanzia kifundo mpaka juu. Mume wangu alitaja namba kwa sauti ya ofisini, Monga akaandika. Kisha utashangaa, kwa sababu hawataugusa mkono mgonjwa. Wanaanza shingoni, kisha kwapa la upande mzima. Baba Mado aliuliza kama kijana amesahau ni upande gani unaoumwa. Monga alieleza kwamba kabla ya kusukuma maji, lazima ufungue njia ya maji, na mume wangu, mtu wa Bukama, aliyekulia kando ya mto Lualaba, hakuuliza tena.

Mguso ni mwepesi mno. Utadhani wanakudanganya. Ni kama kufuta vumbi juu ya picha ya marehemu. Ngozi inavutwa kidogo, inaachwa, inavutwa, inaachwa. Ukisikia maumivu, sema, maana wamekosea. Mkono wa karani umezoea mihuri, na mara ya kwanza Baba Mado alipofika juu ya kiwiko nilivuta pumzi.

"Papa," sauti ikasema nyuma ya pazia, "pale muko napiga muhuri."

Nilicheka mpaka machozi, kisha machozi yakaendelea yenyewe. Hilo nalo litegemeeni. Hakuna aliyenigusa kwa upole tangu walipotoa nyuzi. Mtu anaweza kulia kwa sababu hiyo tu. Baada ya hapo watakufunga bandeji kuanzia vidoleni, utakunywa maji, utakwenda kukojoa mara nyingi, na utalala kama mtoto. Mimi nililala mchana kutwa, na nilipoamka vidole viwili vilikunjika.

Tulikwenda hivyo mwezi mzima, mvua zikiwa zimepamba moto, barabara ya hospitali imekuwa mto wa tope jekundu. Mzee aliyepooza alianza kuinua goti. Utepe ulirudi nyuma, kidogo, kisha kidogo tena. Niliandika neno moja ubaoni usawa wa kidevu. Nilianza kuamini kwamba tumeishinda desturi bila kuivunja, na nilikuwa tayari nimepata kichwa cha makala.

Ndipo utepe uliposimama, kisha ukaanza kwenda mbele. Na asubuhi moja vidole vya Baba Mado vilikwama kwapani. Kulikuwa na kitu.

Monga aliuliza kama ni kama kamba au kama punje. Mume wangu alisema ni kama kamba. Kisha akasema pengine punje. Kinatembea? Hajui. Kiko juu ya mfupa au chini ya ngozi? Hajui, hajui, yeye ni karani. Monga alisema kwamba ikiwa ni kamba ya kovu, kuna namna ya kuivuta, lakini vidole visivyojua vinaweza kuichana. Ikiwa ni kitu kingine, lazima nipelekwe kwa daktari leo, si kesho. Na yeye hawezi kujua kwa kusikia.

"Sitaendelea kutuma mikono ya Papa pahali siko naona," alisema. "Itakuwa uongo."

Nikasema, "Pita."

Nakumbuka nilivyojivunia neno hilo. Mume wangu alinitazama. Vidole vinne vilitokea ukingoni mwa kitambaa cha kijani, na pazia likaanza kusogea. Nikavuta taulo mpaka kidevuni, nikajikunja ukutani na kusema hapana, hapana, kwa sauti ya bibi yangu mzaa mama wa Mulongo, ambaye alikufa bila kula mbele ya baba yangu hata siku moja. Vidole vikaondoka. Tulisikia viatu vyake vikitoka chumbani.

Dada wa mume wangu, Tantine Numbi, shangazi yake Mado, alikuja kesho yake kuniambia nilichokuwa najua. Kijana akimwona mama mkwe kifua, ndoa hiyo imeshalaaniwa, na watoto wake watalipa. Wajomba wa Monga walikuwa wamemwambia vivyo hivyo. Nilimuuliza kama kweli anaamini. Alinijibu kwamba kuamini si kazi yake, lakini hatabeba maiti ya mjukuu ili tujue nani alikuwa sahihi. Miaka ishirini ya masomo, na nilichoweza ni kumsindikiza mpaka mlangoni.

Nilimkataza Baba Mado kumwambia binti yetu. Alikubali kwa kichwa. Mkono ukaendelea kuvimba. Hakukuwa na treni ya kunipeleka kwa daktari wa Lubumbashi. Walisema imekwama, hawakusema wapi. Ngozi ikaanza kutoa maji madogo kama jasho, chaki ikawa inaanguka, nikaomba ruhusa kazini. Nilikaa siku nzima kitini na mkono juu ya mto, tukitazamana. Nilifikia mahali pa kuuchukia. Nilifikia mahali pa kumuuliza Mungu, ambaye nimemwimbia kwenye kwaya ya Wamethodisti tangu nikiwa na meno ya utoto, kama hakuwa na njia iliyo safi zaidi ya kunichukua kuliko hii ya kipande kwa kipande. Kwa mume wangu nilikuwa mkali. Alileta chai, nikasema ni baridi. Aliipasha, nikasema sitaki chai. Akainywa yeye, amesimama.

Siku ya tano simu ikalia, asubuhi. Alikuwa Mado. Baba Mado, niliyemwita msaliti kwa wiki mbili zilizofuata, alikuwa amemwambia kila kitu.

Aliniuliza kama niko peke yangu. Nikasema ndiyo. Aliongea polepole, kama anasoma orodha ya darasa lake.

"Mama, jana nilirudisha kitambaa na saa kwa tantine yake Monga, hapa Lubumbashi. Wajomba bake banajua. Imeisha."

Nikamwambia asifanye upuuzi, mahari bado, kuna muda, nitapata treni. Nikamwambia kwamba mkono ni mkono tu, watu wanaishi na mmoja.

"Hata Monga alisema tungojee treni," alisema. "Nikamuuliza: ingekuwa mama yako? Akasema tena treni. Njo nikarudisha."

"Mado. Weye unamupenda."

"Ndiyo," akasema. Nilisikia akigeuza uso kutoka kwenye simu, kisha akarudi. "Sasa yeye haiko tena mukwe wako, Mama. Iko kine tu, sawa na kine yote. Anakungojea kesho saa mbili. Enda, uvue."

Nilikuwa na maneno mengi ya kukataa, na naapa nilianza kuyapanga. Nilikuwa na la kwanza na la pili tayari.

"Nitaenda," nikasema.